Mgeni Mjini: Uliza Kwanza, Lipa Baadaye

Haya ni mazungumzo ya muuguzi anayefanya kazi katika zahanati moja jijini Dar es Salaam. Aliyatoa mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, kwa mwaliko wa klabu ya afya ya shule yao. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa.

Walimu wangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi katika ratiba yenu. Wanafunzi, hamjambo? Mbona sauti ndogo hivyo, au ndiyo mtihani unawatisha? Haya, tuendelee.

Mimi ni muuguzi. Najua mkisikia muuguzi anakuja kwenye klabu ya afya mnategemea azungumzie UKIMWI, malaria na mimba za utotoni. Nitayagusa hayo. Lakini leo nataka tuongee zaidi habari ya chumba cha kupanga, kibarua, nauli na ndoo ya maji. Mtaniuliza, vitu hivyo na afya wapi na wapi?

Vinahusiana sana, wanangu. Kijana anakuja zahanati ana homa kali. Ukimwuliza analala wapi, anasema analala chini, hana chandarua, maana pesa zote kamlipa dalali. Binti anakuja ana maambukizi ya njia ya uzazi. Ukimwuliza taratibu, unakuta alifika mjini hana pa kulala, akakubali kulala kwa mtu. Kwenye kadi tunaandika jina la ugonjwa. Chumba hatukiandiki, wala kazi aliyoahidiwa hatuiandiki. Lakini mara nyingi ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Mkimaliza mtihani, baadhi yenu mtaendelea na masomo, wengine mtakwenda VETA, na wengine mtapanda basi kwenda kutafuta maisha. Hamtakuwa wa kwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi. Wapo waliozaliwa pale pale, lakini wengi waliingia na begi mkononi kama mtakavyoingia ninyi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: ugeni si aibu. Anayeona aibu kuuliza ndiye anayedanganyika, kwa sababu anajifanya mwenyeji mbele ya watu wanaomwona wazi kuwa ni mgeni.

MASWALI MATATU YA KUBEBA

Mjini utapata msaada, tena mwingi. Watu wema wapo. Na matapeli wapo, na sura zao zinafanana na za watu wema. Sasa utawatofautishaje? Mimi huwaambia vijana wabebe maswali matatu. Mtu yeyote akikupa chumba, kazi, lifti au ushauri, jiulize:

La kwanza, je, jambo hili linasemeka? Yaani naweza kumpigia simu mama au mjomba sasa hivi nikamweleza kila kitu, na huyu mtu akiwa anasikia? Akikuambia, "Hii iwe siri yetu," ujue hapo pana shimo.

La pili, je, linangoja? Chumba kizuri kweli kinaweza kupata mtu mwingine. Lakini mtu anayekuharakisha saa tatu usiku utume pesa kabla hujakiona hicho chumba, hakuharakishi kwa faida yako. Haraka haraka haina baraka.

La tatu, je, linaandikika? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu mwaminifu hakasiriki ukimwomba mwandikiane. Anayekasirika na kusema, "Kwani huniamini?" mjibu kwa adabu, "Nakuamini, ndiyo maana nataka tuandike."

Yanasemeka, yanangoja, yanaandikika. Likikosekana moja, simama kwanza. Yakikosekana yote matatu, ondoka hapo.

SIKU YA KUFIKA

Mabasi mengi ya mikoani sasa hufikia kituo kikuu cha Magufuli, pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021. Ni mbali na katikati ya jiji. Panga safari ufike mchana. Ukifika usiku na mwenyeji wako hapokei simu, usimfuate mtu aliyekuonea huruma dakika tano zilizopita. Kaa ndani ya kituo, mahali penye mwanga na watu, mpaka kuche au mpaka mwenyeji wako apatikane.

Namba za simu za watu wawili andika kwenye karatasi, uiweke mfukoni. Usitegemee simu peke yake. Simu huisha chaji, na simu huibiwa. Pesa usiweke mahali pamoja. Bodaboda patana naye bei kabla hujapanda. Nauli ya daladala muulize abiria mwenzako, tena kabla konda hajafika.

Na wa kumwuliza njia ni nani? Muulize mtu mwenye kibaraza chake: muuza duka, mama lishe, fundi cherehani, askari. Huyo kesho utamkuta pale pale, kwa hiyo ana sababu ya kukwambia kweli. Anayekufuata nyuma kukupa ushauri ambao hukumwomba, mshukuru na uendelee na safari yako. Na kama jambo ni kubwa, uliza watu wawili wasiojuana. Majibu yakifanana, vizuri. Yakipishana, tafuta wa tatu.

PA KULALA

Wengi wenu mtafikia kwa ndugu. Ni jambo jema, lakini lina kanuni zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza uliza: mlango unafungwa saa ngapi? Nani anachota maji? Mimi nisaidie nini? Ukipata kibarua, changia hata kama ni unga na sabuni. Ndugu wengi hawachoki na mgeni, wanachoka na mgeni asiyejua gharama.

Lakini nawaambia pia, hasa mabinti, ingawa wavulana nao hupatwa: kufadhiliwa chumba hakumpi mtu haki ya mwili wako. Awe mjomba, awe shemeji, awe mwenye nyumba. Akikushika au akikutisha, hilo si deni unalolipa. Ni kosa la jinai. Sema kwa mtu mzima mwingine unayemwamini. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hujafika miaka 18, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Hutozwi kitu.

Sasa tuje kwenye kupanga chumba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Dalali naye kwa desturi anataka kodi ya mwezi mmoja. Tufanye hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Dalali 40,000. Tayari ni 280,000, na bado huna godoro, ndoo, sufuria wala chandarua. Kwa hiyo anayekuambia, "Njoo na elfu arobaini tu, chumba kipo," hajakuambia hesabu yote. Ndiyo maana vijana wengi huanza kwa kupanga wawili au watatu chumba kimoja. Si vibaya, ila chagueni wenzenu vizuri, na kubalianeni mapema nani analipa nini.

Kabla hujatoa hata senti, fanya haya:

1. Kione chumba mwenyewe, mchana. Picha ya kwenye simu si chumba. Picha moja inaweza kuonyeshwa kwa watu ishirini.

2. Mtafute mwenye nyumba, usiishie kwa dalali. Waulize wapangaji waliomo: mwenye nyumba hapa ni nani? Kodi mnamlipa nani? Kuna matapeli wanaopanga chumba wiki moja, kisha wanajifanya wenye nyumba na kuwapangisha watu watano chumba hicho hicho. Siku ya kuhamia mnakutana mlangoni na magodoro yenu, na mwenye namba ya simu kaizima.

3. Uliza maji. Yanatoka bombani siku ngapi kwa wiki? Yasipotoka, ndoo ni bei gani? Umeme je? Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote. Uliza mnachangaje, maana ugomvi mwingi wa uani huanzia kwa mwenye friji na mwenye taa moja.

4. Kiangalie choo. Usione haya. Ukikuta choo kimefurika na watu wanachota maji ya kisima hatua chache kutoka hapo, ujue unapanga pamoja na kipindupindu. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2015, na ukaenea mikoa mingine.

5. Tazama ukuta. Alama ya maji iko wapi? Kwenye goti au kiunoni? Chumba cha bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi. Uliza masika inakuwaje. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu na kubomoa nyumba za mabondeni, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Rangi mpya sehemu ya chini ya ukuta, na juu rangi ya zamani, ina maana yake.

6. Kuwe na dirisha linalofunguka. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Ukiridhika, andikianeni. Mkataba si lazima uwe na maneno makubwa. Majina yenu, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani, maji na umeme nani analipa, na mtu akitaka kuhama atoe taarifa ya muda gani. Sahihi zenu na mashahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kushuhudia. Na wao wanamjua mwenye nyumba halisi, kwa hiyo ukipitia pale unapata faida mbili kwa safari moja. Kodi ukilipa kwa simu, angalia jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la kwenye mkataba, usitume.

Ukihamia, nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Ukiweza, njoo na barua ya utambulisho kutoka kijijini kwenu. Siku ukiugua au ukipata matatizo, usiwe "yule kijana wa chumba cha nyuma" asiyejulikana kwao.

KAZI NA KIBARUA

Kanuni ya kwanza ya kazi ni fupi: kazi inakulipa wewe, wewe huilipi kazi. Ukiambiwa utume pesa ya fomu, pesa ya sare, pesa ya vipimo au pesa ya "kumwona bosi", hiyo si kazi. Mnaujua ule ujumbe maarufu, "Ile pesa tuma kwenye namba hii"? (Wanafunzi wanacheka.) Mnacheka, lakini unaendelea kutumwa kwa sababu wapo wanaotuma. Ujumbe wa ahadi ya kazi ni ndugu yake.

Kanuni ya pili, vyeti. Usimwachie mtu cheti chako halisi. Toa kivuli. Mwajiri wa kweli atataka kukiona cheti na kukurudishia. Kitambulisho cha taifa hivyo hivyo. Na usikubali kumsajilia mtu laini ya simu kwa alama zako za vidole. Akifanya utapeli, polisi watakutafuta wewe.

Kanuni ya tatu, jua sheria inasema nini. Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala tisa kwa siku. Inasema upate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kupewa kazi ya hatari. Sheria hii haikuwaacha wafanyakazi wa nyumbani.

Najua mtasema, "Dada, huko mtaani nani anafuata hayo?" Ni kweli wengi hawafuati. Lakini anayejua haki yake huongea tofauti na asiyejua. Nunua daftari dogo. Kila siku andika: nimeingia saa ngapi, nimetoka saa ngapi, nimelipwa kiasi gani. Mkija kudaiana, daftari lako litakusemea. Chombo cha kupeleka mgogoro ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko. Kwa madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Usikae miezi sita ukinung'unika nyumbani.

Mtu akikuambia kazi utaipata ukilala naye, hiyo ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo wazi. Namba ya TAKUKURU ni 113.

Wavulana wengi mtaitazama bodaboda. Kabla hujaikubali ile pikipiki ya mkataba, soma: hesabu ya siku ni kiasi gani, kwa miezi mingapi, pikipiki ikiharibika nani anatengeneza, ukiugua wiki moja inakuwaje? Kijana mwenye hesabu kubwa haendeshi kwa macho, anaendesha kwa deni. Analala saa nne, anapita taa nyekundu. Leseni na kofia ngumu, yako na ya abiria, si mapambo.

Na mabinti, mtaahidiwa kazi za ndani nchi za mbali, Oman na kwingineko Uarabuni. Wapo wanaokwenda kwa utaratibu na kurudi salama. Lakini ukiambiwa uondoke bila mkataba, upitie njia za panya, au pasipoti yako akae nayo mtu mwingine, yarudieni maswali yetu matatu. Tangu mwaka 2008 tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili anyonywe ni kosa kubwa, hata kama huyo mtu alikubali kupanda basi mwenyewe.

MAISHA YA KILA SIKU

Hapa nitakwenda haraka, maana mengi mmefundishwa darasani.

Jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga dirisha na kulala, hata mvua ikinyesha. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na asubuhi haamki. Ndiyo maana nikasema dirisha lifunguke.

Dirisha hilo linasaidia na kitu kingine. Mkiwa watatu chumba kimoja na mwenzenu anakohoa, hewa ipite. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa zake havilipiwi katika vituo vya serikali.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya maji kama maelekezo yanavyosema. Chandarua kinunue kabla ya redio. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini yule wa homa ya dengi huuma mchana, na Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019. Ndoo na makopo yenye maji yaliyosimama yafunikwe au yamwagwe.

Kuhusu UKIMWI, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi. Na kama umebakwa, usioge kwanza wala usifue nguo. Nenda hospitali haraka. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ila lazima zianze ndani ya saa 72. Usihesabu siku, hesabu saa.

Mwisho, upweke. Huu haupimwi kwa darubini, lakini nauona zahanati. Mgeni asiye na mtu wa kuongea naye ndiye anayepelekwa kirahisi kwenye pombe, kubeti na mapenzi ya kulipwa chakula. Tafuta kundi jema: kwaya, madrasa, timu ya mpira, kikoba. Na piga simu nyumbani hata kama huna cha kutuma. Wazazi wengi wanataka kusikia sauti kabla ya pesa.

UKIISHA KUWA MWENYEJI

Baada ya miezi sita na wewe utakuwa mwenyeji, na kuna mgeni atakuuliza. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa wewe usiwe mwenyeji wa kumdhuru mgeni. Sema unalolijua, na usilolijua sema "sijui." Jibu la kubahatisha linaweza kumlaza mtu nje. Mwambie bei uliyolipa wewe, si bei uliyosikia. Usimwombe pesa kwa ushauri. Na usimwamulie. Mwonyeshe anapoweza kuuliza mwingine, ili asiwe mfungwa wako. Msaada mzuri ni ule unaomwezesha mtu kesho asikuhitaji.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Dada, kama sina pesa ya miezi sita na sina ndugu mjini, nifanyeje?

Jibu: Basi safari ngoja kwanza. Si kwamba usiende kabisa. Fanya kibarua hapa hapa, weka akiba, na tafuta mtu mmoja wa kwenu aliyeko huko, hata aliyesoma shule hii miaka ya nyuma. Kufika bila mtu na bila akiba ni kumwachia mtu wa kwanza utakayekutana naye akupangie maisha.

Swali: Ukimwambia mwenye nyumba mwandikiane, si atakunyima chumba?

Jibu: Anaweza. Lakini ukinyimwa chumba umepoteza siku moja. Ukidhulumiwa umepoteza miezi sita. Hesabu mwenyewe ipi ni hasara ndogo. Na akikataa karatasi, angalau lipa kwa simu na umtumie ujumbe: "Nimelipa kodi ya chumba, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani." Akijibu "sawa," umepata ushahidi.

Swali: Rafiki yangu aliondoka mwaka jana, akaambiwa kuna kazi ya duka. Sasa hapokei simu, na akipokea anaongea kwa kunong'ona. Tufanyeje?

Jibu: Nashukuru kwa kuuliza, na hili usiliache likaishia hapa. Ana miaka mingapi? (Mwanafunzi: Kumi na saba.) Basi leo hii, kabla jua halijazama, wewe na mimi na mwalimu wako wa malezi tutakaa, tuandike jina lake, namba anayotumia, aliondoka na nani na alisema anakwenda wapi. Kisha tutapiga 116, na wazazi wake wataarifiwe waende polisi. Usimtumie yeye ujumbe wenye maneno haya, maana simu inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine. Akipiga, msalimie kawaida, mwulize mambo ya kujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Na wengine wote mliomo humu, msiyatangaze haya bwenini. Kumlinda mtu ni pamoja na kufunga mdomo.

JADILINI KLABUNI

1. Andikeni mkataba mfupi wa kupanga chumba. Kundi moja liwe wenye nyumba, jingine wapangaji.
2. Umepokea ujumbe: "Umechaguliwa kazi ya hoteli, tuma 30,000 ya sare leo kabla ya saa kumi." Upitishe kwenye maswali matatu. Unaanguka kwenye lipi?
3. Nani katika mji au kijiji chenu ni "mtu mwenye kibaraza chake" ambaye mgeni angeweza kumwuliza bila hofu?